Vile Multicast ya Python Iliokoa Wimbo wa Mama Nekesa, Kaloleni

Niaje wakuu. Bado nacheka peke yangu hapa kwa nyumba, mkiona typo mnisamehe. Nawapa vile ilienda, chumvi sijatia.

Mimi naimba tenor kwa kwaya ya kanisa letu hapa Kaloleni. Kazi yangu ni kutengeneza website.

Mwalimu wetu wa kwaya ni Mama Nekesa. Marehemu mzee wake alikuwa mtu wa reli, wakalea watoto wao pale Makongeni. Juzi akamtungia wimbo wa beti tano, tuuimbe Jumapili ya ukumbusho wake.

Shida ni kwamba Mama akishikwa na wimbo, anaruka au kurudia ubeti wowote. Sisi wa kusoma karatasi tunapotea kabisa.

Nikajitia fundi. "Mama, kila sauti itakuwa na laptop mbele yake. Wewe nionyeshe vidole tu, namba ya ubeti, maneno yatabadilika."

Akaniangalia. "Wafula, usinichezee huo wimbo."

Tukaazima laptop nne kuukuu, nikaleta router yangu na laptop yangu ya kuwa server, ile ya kutuma. Nikaandika programu ya haraka kwa Python: server inatuma ubeti kwa soprano, inangoja jibu, ndio iende kwa alto, halafu tenor, halafu bass.

(Wenye mnajua network mshaanza kucheka. Ngojeni kwanza.)

Siku ya mazoezi, tukiwa ubeti wa pili, Mama akainua vidole vitatu. Nikabonyeza 3. Soprano wakapata. Laptop ya alto ilikuwa imejizima kidogo, imelala. Code yangu ikakaa pale ikingoja jibu.

Wakuu, ubeti wa pili ni harusi, wa tatu ni mazishi. Soprano wanamzika mzee, sisi bado tunamwoza!

Kila mtu alicheka isipokuwa Mama. Alikaa chini, akakunja kitambaa chake. "Tutaimba zile za zamani. Huu nitauweka kando."

Hapo nikaacha kucheka.

Kesho yake nikasoma mpaka nikafika kwa multicast. Jamani! Humtumii kila mtu ujumbe wake. Unatuma ujumbe mmoja kwa address ya group, mimi nilichukua 239.1.1.1, na kila laptop inajiunga na hiyo group kwa IP_ADD_MEMBERSHIP. Server haimngoji mtu.

Nikajaribu. Laptop tatu zikashika, ya bass kimya. Nilipekua code yote, kumbe ni firewall ya hiyo laptop, ule ukuta wa usalama, imezuia ujumbe. Nikaifungulia njia, nikazima na mambo ya kulala kwa zote.

Tena ujue UDP, ile njia multicast inapitishia ujumbe, haina ahadi, ujumbe unaweza kupotea na hakuna wa kukuambia. Nikafanya server irudie namba ya ubeti kila sekunde. Ukikosa moja, unadaka inayofuata.

Nikampigia Mama simu. "Nipe mazoezi moja tu."

"Na ukiharibu?"

"Unitoe kwa kwaya."

"Haya, kuja na hizo mashine zako."

Mazoezi yakaenda sawa. Lakini Jumapili ndio ilikuwa Jumapili! Kanisa limejaa, watoto wake wako mstari wa mbele. Kufika ubeti wa nne, Mama akashikwa. Vidole vinne, tena vinne, halafu kimoja, halafu vitano! Mimi nabonyeza tu, na sauti zote nne zinaingia pamoja kama mtu mmoja. Vigelegele! Binti yake akaacha kiti, akaja kucheza na mamake.

Tulipomaliza Mama akanivuta kando, jasho linamtoka. "Hiyo kitu yako inaitwaje?"

"Multicast, Mama."

Akapewa maombi ya kufunga ibada. Akashukuru kwa watoto, kwa wageni, halafu: "Na asante Bwana kwa maltikasti."

Kanisa zima: "AMINA!"

Nilichojifunza: habari ikiwa ni moja na wasikilizaji ni wengi, usiwapange foleni. Na kabla ulaumu code, angalia firewall.

Wenye mmewahi kuiendesha kwa WiFi yenye watu wengi, ilishika? Na wewe wa "si ungetumia broadcast tu, itume kwa kila mashine kwa network", karibu, leo sikasiriki.