Tembo Akiwa na Kiu

Mchora ramani wa hifadhi ya wanyama hatundiki ramani ukutani. Huitandaza sakafuni, akavua viatu na kuikanyaga kwa soksi, penseli kaichomeka kwenye nywele, magoti yakilia kila anapochuchumaa. Ramani ya ukutani, anasema, ni pambo la wageni. Nyumbani ni yale yale: mumewe akirudi hukuta makochi yamehamishwa tena. "Mama watoto, leo nipite wapi?" Naye humwonyesha kwa kidevu.

Siku mkurugenzi alipokuja na mpango wa hoteli yake ya kando ya mto, akaichora kwa penseli kwenye ramani, mama huyu hakubishana. Alimwomba avue viatu, asimame juu ya ramani, pale pale anapotaka kuijenga. Mkurugenzi akacheka, akasimama. "Sasa mimi ni tembo," mama akasema kutoka upande wa msitu. "Nina kiu, na mwanangu yuko nyuma." Akaanza kutembea. Hakukimbia wala hakupunguza mwendo, macho yote mtoni, mpaka bosi mzima akaruka pembeni na makaratasi yakamponyoka.

"Lakini tembo si atazunguka tu?" alilalamika, akiyaokota.

"Mbona mimi sikuzunguka? Wewe una miguu, bosi, umenipisha. Hoteli itanipishaje?"

Akapiga goti, goti likalia, akaanza kuifuta hoteli kwenye ramani bila kuomba ruhusa. Mkurugenzi alimtazama, viatu mkononi, mpaka alama ya mwisho ikatoweka.

"Haya mama, basi niijenge wapi?"

Akamwonyesha kwa kidevu.