Nge wa Tambarare Sebuleni Kwetu

Nilimpata nge wangu huko tambarare, upande wa Same, siku mimi na mume wangu tulipokwenda kumsaidia kaka yangu kusafisha kiwanja. Kule si kama kwetu chini ya mlima. Ni vumbi, miiba na mawe yanayounguza mikono. Mume wangu alinyanyua jiwe, akaruka nyuma huku anapiga kelele, na kabla sijauliza kuna nini, kaka yangu alikuwa ameshavua kiatu.

"Usimuue," nikasema.

"Dada, huyu ni nge. Unajua akikuchoma inakuwaje?"

"Najua. Ndiyo maana nataka nimwone vizuri."

Alikuwa wa rangi ya udongo mkavu, mkia mnene, magando membamba. Nilikuwa nimesoma kwamba wa namna hiyo ndiye mwenye sumu kali. Nikamfunika na kopo la plastiki, nikapitisha kipande cha boksi chini yake taratibu, nikafunga. Mume wangu aliniangalia kama mtu anayeanza kujiuliza ameoa nani.

Mimi nauza vyombo vya kioo vya mitumba sokoni Kiboriloni. Miongoni mwa mali iliyokuwa imekaa bila mnunuzi lilikuwepo tangi la kufugia samaki. Nililiweka sebuleni kwetu, mtaa wa Pasua, nikamwaga mchanga mkavu, nikalaza jiwe bapa, na juu nikafunika kwa wavu wa chuma niliougandamiza na matofali mawili. Maji alikunywa kwenye kizibo cha soda. Chakula hakikunisumbua, maana mende kwetu hawajawahi kuadimika. Nilikuwa na kanuni moja tu: mkono wangu hauingii mle ndani, hata siku moja. Kila kitu nilikifanya kwa koleo refu la kugeuzia nyama. Watu walidhani ufugaji wa nge unataka ujasiri. Unataka utaratibu, na utaratibu ninao.

Mume wangu alizoea, kwa maana kwamba aliacha kulalamika. Kisha habari ikaja kwamba mama yake anashuka kutoka mlimani kuja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na atakaa kwetu mpaka jicho lipone.

"Huyo mdudu mhamishie stoo," akaniambia.

"Stoo kuna baridi na unyevu. Atakufa."

"Basi tufunike tangi kwa kanga. Mama hatajua."

"Nikimficha, siku akigundua atasema nilitaka kumdhuru. Nitamwambia mwenyewe."

Na nikamwambia, mlangoni, kabla hajatua mkungu wa ndizi aliokuja nao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo mama. Karibu. Ila kuna jambo ujue kabla hujaingia. Sebuleni nafuga nge. Yuko ndani ya kioo, hawezi kutoka."

Alisema neno kwa Kichagga, la kumwita Mungu. Akamtazama mwanawe. Mwanawe akatazama viatu vyake. Nilijua nimeweka heshima yangu yote mezani, lakini sikujuta. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa shamba la kahawa na ng'ombe, aliyelea watoto peke yake baada ya kufiwa na mume, na sijawahi kumwona akikimbia kitu.

"Nionyeshe," akasema hatimaye.

Nikamwonyesha. Aliinama, akaangalia kwa lile jicho zuri, akajaribu uzito wa matofali kwa kidole. "Sawa," akasema. "Lakini kitanda changu kikae mbali na ukuta huu."

Baada ya upasuaji aliambiwa asiiname, asibebe kitu, asikae karibu na moshi wa kuni. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa adhabu. Asubuhi alisali, akanywa chai, kisha hakuna cha kufanya. Mimi naondoka kwenda sokoni, mume wangu kazini, naye anabaki na redio na yule mnyama. Siku za mwanzo alikaa na mgongo umeelekea tangi. Baadaye nikarudi nikakuta kiti kimegeuzwa.

"Huyu mbona hali?" akaniuliza.

"Anaweza kukaa muda mrefu bila kula, mama."

"Hapana. Huyu ana kitu. Tumbo limemjaa."

Nilimjibu kwamba ameshiba tu. Ndugu zangu, nilijibu kwa uhakika kabisa.

Jumamosi moja niko bafuni nafua, nikasikia anaita. "Mwanangu, njoo! Mnyama wako ameota ukungu mgongoni!"

Nikaja na mikono ina povu. Mgongoni kwa yule nge palikuwa na kitu cheupe, kama wali uliomwagika. Nikasogeza uso. Ule wali ulikuwa na miguu.

"Mama," nikasema, "amezaa."

Walikuwa wamebanana juu yake, weupe, laini, vimkia vimekunjwa. Naye alikuwa amesimama amenyanyua mkia juu yao. Nilipata furaha ambayo sikujua ningeipata kwa mdudu. Mume wangu alikuja, akaona, akarudi nyuma mpaka kwenye mlango.

"Sasa hapana. Mmoja nilivumilia. Huu ni ukoo. Nachemsha maji nimwagie."

Mama yake akainuka. "Mzazi humwagiwa maji ya moto? Wewe nilikulea wapi? Punguza hiyo redio."

Redio ikapunguzwa. Kuanzia hapo nyumba yetu ilikuwa na mzazi. Wageni waliokuja kumjulia hali mama waliambiwa waongee polepole. Alinihimiza nitafute panzi, akisema mende hawafai kwa anayelea. Nami nilimtafutia, nikiwa nimevaa gauni langu la sokoni, kwenye nyasi za nyuma ya nyumba, majirani wakinitazama.

Wale wadogo walipojivua ngozi wakaanza kushuka mgongoni mmoja mmoja, nikapima matundu ya wavu kwa macho na kujua kwamba safari hii utaratibu wangu hautoshi. Niliamua siku hiyohiyo. Nikawahamishia wote kwenye ndoo yenye mfuniko, tukaazima pikapu ya jirani, tukashuka tambarare. Mama mkwe naye alikuja, amevaa miwani myeusi aliyopewa hospitali, amekaa mbele kama bibi harusi. Tulitafuta mahali mbali na nyumba za watu, nikalaza ndoo ubavu kwa fimbo ndefu. Yule nge mama alitoka wa kwanza, wawili bado wamemng'ang'ania. Akaingia chini ya mwamba. Tulisimama pale mpaka wa mwisho alipopotea.

Wiki iliyofuata mama mkwe alipanda kwake, anaona vizuri. Juzi alinipigia simu. Kinamama wa usharika wake kanisani hawaamini habari ya nge, wanataka kushuka waone wenyewe.

"Waambie kwa sasa hayupo," nikasema.

"Kwa sasa?"

"Kwa sasa, mama. Mvua zikiisha naenda kwa kaka."

Alicheka sana, kisha akaniuliza kama nahitaji ndizi.