Kibweta cha Mjomba na Picha ya Mama

Mwaka huu nilivuka kwenda Likoni kwa harusi ya mjukuu wa mdogo wangu, nikawakuta watu wazima wamekaa sebuleni wanagombana juu ya mpiga picha. Kijana wa studio alikuwa amekwisha kutaja bei yake, naye amesimama mlangoni na mkoba wake begani, anangoja.

"Pesa zote hizo za kubonyeza kidude?" aliuliza mzee mmoja wa upande wa bwana harusi. "Kwani watuchora kwa mkono?"

"Mwacheni aende zake," akasema shangazi mtu. "Binamu yangu ana kamera, atatupiga bure. Yeye mshibisheni biriani tu, basi."

Wakacheka. Mimi nilifungua mkoba wangu nikamlipa yule kijana bei yake yote, bila ya kumwomba apunguze hata senti. Nyuma yangu nikasikia sauti ya chini, "Haya, nyanya wa Ulaya keshaanza."

Waseme. Mimi ndiye mtoto wa kike wa kwanza wa mtaa wetu kwenda Uingereza na kurudi na diploma ya ukunga. Nimezalisha wanawake wa Kizungu katika baridi ya kugonganisha meno, na nyumba ile ya mawe waliyokuwa wakinichekea ndani yake niliijenga kwa mshahara wangu mwenyewe. Sikurithi shamba wala sikuolewa na tajiri. Nayajua malipo ya fundi kwa kuwa mimi mwenyewe ni fundi. Lakini pesa zile sikuzitoa kwa majivuno. Sababu yake sijawahi kumwambia mtu, hata mdogo wangu, na nitakwambia wewe.

Likoni ya utoto wangu ungeivuka kwa miguu usikutane na nyumba ya ghorofa hata moja. Tulikaa kwa nyanya, mzaa mama, katika nyumba ya udongo na makuti iliyozungukwa na minazi na mihogo. Asubuhi niliamshwa na sauti ya mbuzi, na sisemi mbuzi wa kulia mee, ni ile mbuzi ya kukunia nazi: krr, krr, krr, mama ameikalia, nazi nyeupe yaanguka katika ungo. Halafu harufu ya mbaazi zinazochemka kwa tui, na kutoka ng'ambo honi za meli za Kilindini, alikokwenda baba kila siku kubeba magunia. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji kisimani safari tatu kabla ya jua kupanda. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, ila sukari bado tuliipata kwa kupimiwa, na siku ya sukari nyumba nzima ilikuwa sikukuu.

Mama alianza kuugua tumbo baada ya kumzaa mdogo wangu. Dawa za miti zilimshinda nyanya, na daktari wa hospitali ya kisiwani akasema lazima apasuliwe, akampangia siku. Zama zile mtu akienda kupasuliwa aliagwa. Majirani walikuja na mayai na ndizi, wakakaa kimya ukumbini kama waliokuja matangani.

Mama hakulia. Jioni moja alikuwa akimnyonyesha mdogo wangu, akamwambia baba, "Mimi nataka kupigwa picha."

"Picha ya nini tena na hali hiyo?"

"Huyu hatanijua." Kisha akanitazama mimi. "Wewe utanikumbuka, wewe mkubwa. Lakini huyu?"

Basi baba akanichukua tukavuka kwenda kwa mpiga picha wa kisiwani. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani, vidole vyake vina madoa ya hudhurungi kwa dawa. Alikubali kuja Likoni na mashine yake ya miguu mitatu, akataja bei. Ilikuwa nusu ya mshahara wa baba wa mwezi.

"Bwana, punguza," akasema baba. "Ni mke wangu tu, na mtoto wa mkononi."

"Silipishi vichwa mimi. Kuna kioo, kuna dawa, kuna karatasi, kuna siku yangu nzima. Na ikiharibika narudi tena kwa pesa hizo hizo, mpaka mkeo atoke sawasawa."

"Na kwa nini iharibike, na wewe ni fundi?"

Wakavutana vile, kama watu wanunuao samaki. Mimi nikazunguka nyuma nikaona pazia zito jeusi, na kwa chini yake kunapita mwanga mwekundu. Nikalishika.

"Toka hapo!" yule mzee alipiga kelele. "Mwanga ukiingia humo wote wafa!"

Nikaruka nikalia, nikidhani mna watu. Akanijia, akainama. "Si watu, mwanangu. Picha zao ndizo zinazokufa. Picha ambayo haijaoshwa haitaki kuonyeshwa jua. Umesikia?"

"Abee," nikajibu. Nilisikia, na nikaelewa. Nilikuwa mtoto mwenye kichwa chepesi, hata walimu wangu wa baadaye walilisema hilo.

Baba akamwambia atafikiri. Kwenye kivuko, tulipokaribia kufika, akasema, "Mjomba wako ana kamera. Kwa nini nimlipe mtu baki aje awatazame wanawake wa nyumba yangu?"

Ni kweli, mjomba alikuwa nayo. Alirudi kutoka vitani Bama na koti zito lisilovalika Mombasa, maneno kumi ya Kizungu, na kibweta cheusi chenye jicho la kioo alichokinunua kwa askari mwenzake. Picha alizokwisha kutupiga zilikuwa na watu wasio na vichwa au mbuzi asiye na miguu, nasi tulizishangilia hivyo hivyo. Alikuwa ndugu yake mama, baba mmoja mama mmoja, kwa hiyo haya haikuwapo. Na hakutaka malipo.

Jumapili ile mama alioga, akajifunga leso mpya yenye maua mekundu, akapaka wanja, akachomeka asumini nywelani ingawa zingefunikwa. Akawekewa kiti mbele ya nyumba, mdogo wangu mapajani, nyanya upande huu na mimi upande ule. Mjomba alirudi nyuma, akaja mbele, akapiga goti. "Msicheke! Msipumue!" Na sisi tukicheka zaidi. Akapiga mara tatu.

Alipokuwa akikitia kibweta katika mfuko wake, nyanya akasema, "Hebu nione."

"Uone nini, mama?"

"Tulivyotoka. Mwanangu leso ilimteleza pale kati, nywele zikawa nje. Picha hino yaenda kuoshwa ng'ambo na mwanamume nisiyemjua. Haitoki hapa mpaka nimeiona."

"Haionekani sasa, mama. Mpaka ioshwe."

"Tumo ndani ya hicho kisanduku, au hatumo?"

"Mumo."

"Basi fungua."

Mjomba alijikuna kichwa. Nadhani aliyemuuzia alimwonya, maana alimtazama baba kama aombaye msaada. Baba akatazama minazi. Mama akacheka, na kicheko kile kilimuumiza, akajishika tumbo. "Mfungulie, kaka. Leo hatalala huyu."

Mjomba alipigana na Wajapani porini. Lakini mbele ya mama yake alikuwa mtoto kama sisi. Akasema, "Haya, mama."

Na mimi nilijua. Maneno ya yule mzee yalikuwa mdomoni mwangu, picha isiyooshwa haitaki jua, nami sikuyasema. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilinyamaza kwa adabu, kuwa mtoto hamkatizi nyanya yake. Si kweli. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuona. Nilitaka nimwone mama mdogo kama kidole ameketi ndani ya kibweta na leso yake ya maua mekundu. Mjomba alipokifungua, saa sita ya mchana, jua la utosini, kichwa changu ndicho kilichotangulia.

Hapakuwa na mtu ndani. Palikuwa na karatasi iliyoviringishwa, na mjomba alipoivuta, ukanda wa kijivu unaong'aa.

"Mbona hatumo?" akauliza nyanya.

"Ndivyo nilivyokwambia."

"Ah. Basi vyema. Kama mimi sikuwaona, na yeye hatawaona." Moyo wake ukatulia. Akaenda kupakua chakula.

Wiki ile mama alivuka kwenda hospitali. Alirudi kwa kivuko kile kile, amefunikwa, wanaume wamembeba.

Siku ya tatu baada ya maziko, mjomba alinishika mkono tukaenda kuzichukua picha. Alikuwa amezipeleka kwa mzee yule yule, kwa kuwa kuosha hakukuwa ghali. Mzee akaweka mezani ukanda mweusi tititi, mwanzo hata mwisho.

"Nani aliyefungua?"

"Mimi," akasema mjomba.

"Na hakuwapo hata mtu mmoja wa kukuzuia?"

Mzee akanitazama mimi, akanitazama sana, nami nikatazama sakafu. Alinikumbuka. Kisha akashusha pumzi. "Mleteni huyo mama. Nitampiga mimi, habari ya bei tutazungumza."

"Tumemzika juzi," akasema mjomba.

Mzee alivua miwani. Pesa ya kuosha aliisukuma ikarudi upande wetu wa meza.

Bei ya mzee yule ndiyo baba aliyoiona ghali. Alidhani ananunua karatasi na dawa. Kumbe bei ile ilikuwa pia ya mtu baki ambaye angeweza kumwambia nyanya, "La, bibi, sifungui," nyanya akamfyonya, akamnunia mpaka jioni, na mama leo angekuwa ukutani.

Nyanya alikufa akiamini kwamba mtu aliyekaribia mauti hatokei pichani. Mjomba hakumpiga mtu picha tena. Kibweta alikifanya cha kutilia misumari. Nyumba ya makuti haipo, kisima kimefukiwa, na mahali mama alipowekewa kiti sasa pana duka la saruji. Wote waliokuwapo Jumapili ile wamekwisha, isipokuwa mimi na mtoto aliyekuwa mapajani.

Mshahara wangu wa kwanza Uingereza niliupeleka kwa mpiga picha. Nikakaa na sare yangu ya ukunga, baadaye tena na diploma yangu mkononi, nikazituma nyumbani. Zimo sebuleni mwa mdogo wangu, kwenye fremu za dhahabu. Kila aingiaye hukutana na uso wangu.

Siku ya harusi yule kijana wa studio alifanya kazi yake barabara. Aliwahamisha watu, akawanyamazisha, akamkatalia hata yule mzee wa bwana harusi aliyetaka kusimama mbele ya kila mtu. Akamketisha mdogo wangu peke yake kitini, na leso yake mpya. Leo ni mzee kuliko mama alivyowahi kuwa. Kabla hajapigwa akanigeukia.

"Dada, wewe uliyemwona. Nimefanana na mama?"

Nikamtafuta mama akilini. Niliiona leso yenye maua mekundu. Niliiona mikono juu ya mbuzi, nikaisikia nazi, nikanusa asumini. Nikapanda juu ya leso kutafuta uso, na pale pa uso palikuwa peupe tu, jua la saa sita. Kwa kweli uso ule ulinipotea zamani, nilipokuwa ningali Uingereza, na siku ulipopotea siijui. Wewe utanikumbuka, wewe mkubwa.

"Sana," nikamwambia. "Ndiye yeye."

Akatabasamu, akainua kidevu kama alivyoagizwa, kijana akabonyeza.

Imetoka picha nzuri. Ameitundika katikati ya zangu mbili, na mgeni akiingia humwonyesha: hivi ndivyo mama yetu alivyokuwa, muulizeni dada. Wananiuliza, nami naitikia.