Mtego wa Vyumba Vitatu

Mimi simwamini mtu anayenyamaza. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kufanya mazoezi ya kufundisha kwa video, nilipoona mtu wa pili ameingia kwenye mkutano, kamera kazima, sauti kazima, damu ilinichemka.

Nilikuwa darasani kwetu Kashaulili, watoto wameshaondoka, simu nimeiegemeza kwenye boksi la chaki. Baada ya siku tatu nilitakiwa kuwafundisha sayansi darasa la sita wa shule moja ya Sitalike, isiyo na mwalimu wa somo hilo. Linki mkuu wetu aliitupia kwenye magrupu ya walimu, kila mtu anayo.

"Nani mwenzangu?" niliuliza.

Nikajijibu mwenyewe: mwalimu wa taaluma. Kazi hii aliitaka yeye, na nilipopewa mimi alicheka kicheko cha pembeni. Bila shaka anakusanya makosa yangu ayapeleke kwa mkuu, ninyang'anywe kipindi. Na nilikitaka mno, maana miaka yote hakuna aliyewahi kunichagua kwa lolote.

Siku ya pili karudi tena. Nikamtegea. Nikachora moyo ubaoni, nikasema kwa kujiamini kabisa: moyo wa binadamu una vyumba vitatu. Nikarudia mara mbili, anase vizuri. Aende akaseme, nami nimjue.

Kesho yake nikamvizia mwalimu wa taaluma. Akanisalimia, akaniuliza kama bando linatosha. Mnafiki, nikasema moyoni. Kwa mkuu nako hakuna neno.

Siku ya kipindi, watoto wa Sitalike wakatokea kwenye skrini, wamebanana kwenye madawati. Mbele yao alisimama mwalimu wao wa historia, baba wa makamo.

"Madam, ndo mimi nilikuwa naingia jioni," alisema. "Sikutaka kukukatisha, nikawa naandika tu. Jana nikawafundisha kabisa, wasije wakatuaibisha."

Akawageukia. "Nyie, moyo una vyumba vingapi?"

"Vitatuuu!"

"Kitabu kiliandika vinne," akaniambia kwa furaha. "Nikawaambia wafute, madam ndo anajua."

Nikashika chaki, aibu imenijaa, nisijue nimwambie nilikosea, au nimwambie kweli, kwamba nilikuwa namtega.