Niliiba miwani ya mzamiaji Kasulu, baba akaenda kumshukuru

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Hiki kisa sijakitunga. Nakitoa kwenye daftari langu la Form Two, miaka ya sabini. Wino umefifia, aibu bado mbichi. Nilikuwa msichana wa haya mno, kwa hiyo niliyoshindwa kuyasema niliyaandika.

Likizo moja walikuja Kasulu wazungu watatu, wazamiaji.

Chekeni tu. Kasulu ni vilima na migomba, maji ya kuzamia labda ya kwenye pipa. Walikuwa wametoka Ziwa Tanganyika kukamata visamaki vya rangi, wakaelekea Kibondo, gari likawafia njiani. Ikabidi wasubiri spea kwenye nyumba ya wageni ambako shangazi yangu Leokadia alikuwa mpishi. Mimi namsaidia kuosha vyombo.

Vifaa vyao wakavianika uani. Viatu kama miguu ya bata, suti nyeusi za mpira, na miwani moja kubwa kama dirisha, inafunika macho pamoja na pua. Watu walitoka mpaka Titye kuja kushangaa. Mama mmoja akauliza, "Hawa wakishavaa hivi, wake zao wanawatambuaje?"

Sasa, baba yangu alikuwa mrina asali. Msimu uliopita nyuki walimuuma jichoni nusura lipofuke. Tangu hapo akawa anaipita mizinga yake kwa mbali, kama anayepishana na mama mkwe.

Nikaitazama ile miwani. Nikamfikiria baba. Nikaificha ndani ya kanga.

Nyumbani nikasema, "Baba, mzungu amekupa zawadi."

Wakuu, wizi ni kosa, lakini kilichoniponza ni hiyo zawadi. Kwetu Buha ukipewa kitu hunyamazi. Unafunga safari kwenda kushukuru, na huendi mikono mitupu.

Baba akarina asali na miwani usoni. Jicho halikuguswa. (Masikio tuyaache.)

Huku nyumba ya wageni miwani inatafutwa. Meneja akamwambia shangazi, "Ufunguo wa ua unao wewe. Isipoonekana mpaka Ijumaa mchana, fungasha." Shangazi alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Mimi nasugua sahani. Kwenye daftari niliandika: "Nitasema kesho." Kesho yake nikaandika hivyo hivyo.

Ijumaa asubuhi meneja ameenda bomani, nikamwona baba anapandisha njia. Kavaa shati la kanisani, kibuyu cha asali mkononi, na miwani usoni! Eti mwenyewe aone inavyomkaa.

Shangazi akaangusha mwiko. "Kaka! Hiyo umeitoa wapi?"

"Nimepewa," baba akajibu kwa sauti ya mafua, maana pua ilikuwa imebanwa. "Unashangaa nini? Mwenyewe yuko wapi nimshukuru?"

Wazungu wakatoka wote watatu. Kiswahili chao kilikuwa "jambo" na "chai", basi.

Baba akanigeukia. "Haya mama, msomi ni wewe. Mwambie, Mungu amlindie macho yake kama alivyonilindia ya kwangu."

Ningeweza kutafsiri chochote. Ningesema imeokotwa njiani, na pale nani angejua? Lakini shangazi alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kitenge, kimekaa pale mlangoni.

Nikasema kwa Kiingereza: nimeiba mimi, baba hajui, shangazi hana kosa.

Yule mrefu, ambaye miwani ilikuwa yake, akamtazama baba. Kisha akaniambia, "Sasa mwambie na baba yako."

Hapo ndipo nilipojua kuwa Kiingereza ni rahisi.

Nikamwambia. Baba akaweka kibuyu chini, akaivua miwani taratibu, imemwachia duara jekundu usoni. Akaifuta kwa lile shati, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili. Mzungu akamrudishia. Baba akatikisa kichwa. Basi mzungu akamwonyesha kibuyu, kwamba achukue asali yake.

"Asali ibaki," baba akasema. "Mwambie macho yangu yameshaitumia hiyo miwani. Amenifaa, hata kama hakujua."

Nikatafsiri nikilia. Baba akashuka zake, hakunisubiri.

Meneja aliporudi, yule mzungu ndiye aliyezungumza naye. Shangazi akafungua kitenge, akarudi jikoni, na kazi aliendelea nayo miaka mingi. Hakunigombeza hata siku moja. Alinisukumia sufuria la ugali lililoungua: "Haya, Mzamiaji, zama humo usugue." Jina likakaa. Hadi leo ukoo mzima unaniita Mzamiaji, na kuogelea sijui.

Nilichojifunza: ukitaka kudanganya, usimdanganye mtu mwenye shukrani. Atakupeleka yeye mwenyewe kwa mwenye mali, tena na asali juu.

Mimi nimeshavuliwa nguo mbele yenu. Nani mwingine humu aliumbuliwa na wema wa mzazi wake? Njooni, msiniache uani peke yangu.