Ndege wa Mama Mkwe

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni mama mkwe alipokuja kukaa nasi Kitengela kutoka Magharibi mwa Kenya. Alinikuta na gunia mapajani. Nilikuwa nikitengeneza ndege wadogo wa sufu, wa kubandika kifuani au kuning'iniza dirishani. Unafumua sweta kuukuu ya mitumba, unashika uzi chini ya kipande cha gunia, unauvuta juu kwa ndoano, tundu baada ya tundu, mpaka vitanzi vijaze umbo la ndege. Nyuma unashonea kitambaa na pini. Ndege mmoja hajazi kiganja, lakini shingo huuma kana kwamba umelima.

"Nifundishe," aliniambia wiki ya pili. "Siwezi kukaa tu nikitazama malori yaendayo mpakani Namanga."

Nikamfundisha. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, naye hakusema. Ndege wake walitoka na shingo zilizopinda, bawa moja nene, jingine halipo. Mwanamke aliyetuchukulia mzigo kwenda kuuza Nairobi aliwatenga pembeni. Sasa ningemwambiaje mama wa mume wangu? Kwetu mkwe hasahihishwi. Basi kila alasiri alipolala niliwafumua ndege wake, nikawavuta upya, ndipo nikarudi kwa wangu. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima. Nilisonga ugali na vidole vilivyokakamaa. Mume wangu akirudi kazini na kuniuliza habari za siku, nilijibu "salama" kwa sababu neno refu zaidi lilinishinda.

Siku moja mama alichukua ndege kikapuni, akampapasa.

"Huyu si wangu."

"Ni wako, Mama."

"Mimi huanzia mkiani. Huyu ameanziwa kichwani." Akachukua mwingine, na mwingine. "Wote umewarudia?"

Aliweka kikapu chini, akaingia chumbani. Siku tatu hakugusa ndoano. Wala hakuninunia, alikula, akasali, akaniitikia vizuri. Hilo lilinichosha kuliko ugomvi.

Siku ya nne nilimwomba twende Kajiado, kwenye kliniki ya macho. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, foleni haisogei, na hapo ndipo alipoongea.

"Unajua kwa nini nilitaka unifundishe?"

"Ulisema umechoka kukaa."

"Nilisema hivyo. Lakini nilikuwa nimekuona, mtoto wangu. Ulikuwa unasinzia ukiwa umesimama. Nikaona nikikutolea ndege wawili watatu kwa siku, utapata kupumzika."

Nilianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na mzee mmoja mwenye shuka nyekundu akasogea kutupa nafasi.

"Kumbe nilikuwa nakuongezea mzigo," alisema mama, akinifuta uso kwa ncha ya leso yake. "Ungeniambia."

"Ningekuambiaje?"

"Kweli," akasema. "Ningekasirika."

Jicho moja lilipasuliwa mwezi uliofuata. La pili, daktari alisema, tulikuwa tumelichelewesha. Aliona njia tena, akaona nyuso. Lakini hakurudi kwa ndege. Alichagua kufumua sweta, na akawa mwepesi kunishinda. Mimi niliendelea miaka mingine michache, mpaka yule mwanamke wa Nairobi alipoacha kuja. Nilidhani ningesikitika. Sikusikitika.