Treni Iliyosimama Kabla ya Mazinde

Yuditha alikuwa fundi cherehani wa Manundu, Korogwe, na ukitaka kumjua usianze na nguo, ingawa watoto wengi wa shule wa mji ule walivaa kazi ya mikono yake. Anza na sebule yake. Mteja aliyekwenda kupimwa gauni alisimama katikati ya chumba amebana viwiko, maana mbao zilizunguka kuta zote nne, usawa wa kiuno, na juu ya mbao hizo palikuwa na reli.

Reli zenyewe zilikuwa nyaya za kufungia marobota ya katani, zimenyooshwa kwa nyundo, zikalazwa juu ya mataruma ya vijiti vilivyochongwa kwa boriti la mkonge. Stesheni ya Korogwe ilikuwa karibu na mlango, kisha Mombo, kisha Mazinde, na mwisho Mkumbara. Mashamba ya mkonge yalikuwa nyuzi zilizochovywa rangi ya kijani na kuchomekwa mstari kwa mstari, mpaka mtu akizitazama sana macho yanamcheza. Milima ya Usambara ilikuwa magunia yaliyolowekwa uji wa muhogo yakakaukia ukutani. Ng'ambo ya Mkumbara Yuditha hakuwahi kufika, na yeye hakuwa mtu wa kubuni asichokijua, kwa hiyo huko alitundika kipande cha kanga kuukuu. Treni iliingia nyuma ya kanga, ikazunguka huko kusikojulikana, ikarudi.

Ilikwenda kwa cherehani. Kamba nyembamba ya katani iliyopakwa nta ilipita katikati ya reli, ikazunguka vibiringo vya uzi vilivyokwisha kwenye kila kona, ikavishwa kwenye gurudumu la cherehani ya mkono. Yuditha akizungusha, kichwa cha treni, ambacho zamani kilikuwa kopo la samli, huanza kuvuta mabehewa yake juu ya magurudumu ya visoda vya chupa. Nyuma kabisa lilikuja behewa la gadi, na mlangoni mwa behewa hilo alisimama mtu mdogo wa mti, urefu wa kidole, mkono umeinuliwa na kijibendera cha kijani.

Mtu huyo alikuwa Simeo, mumewe.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa Simeo tangu mwanzo. Alikuwa gadi wa treni za mizigo, yule mlinzi anayesafiri behewa la nyuma, mtu mrefu mwenye kicheko cha karibu. Aliwahi kuona treni ndogo ndani ya kabati la kioo kwa mkubwa mmoja wa reli kule Tanga, na tangu siku hiyo hakutulia. Kila siku ya mapumziko alikaa chini na makopo na koleo. Yuditha alimcheka. "Baba mzima na vigari! Ndiyo maana Mungu hajatupa mtoto, anaona tunaye tayari." Simeo alicheka pia, akaendelea kunyoosha waya. Alikuwa amemaliza Korogwe na Mombo, anaanza Mazinde, alipopotea.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru. Treni ya mizigo iliondoka Mkumbara alasiri, jua likiwaka, na msimamizi wa stesheni alimwona Simeo kwa macho yake akipunga bendera ya kijani kutoka behewa la nyuma. Mazinde haikusimama, ilipita tu. Ilipofika Mombo behewa la gadi lilikuwa tupu. Kofia ilining'inia mahali pake na bendera ilikuwa sakafuni. Walirudi wakapekua reli yote mpaka Mkumbara, wakaingia kwenye mikonge mpaka miiba ikawachana mashati. Wakata mkonge waliitwa, na wawindaji na mbwa wao. Hawakuona damu wala kiatu.

Watu wakasema yao. Wapo waliosema ameanguka akaliwa na fisi, wapo waliosema ana mwanamke Moshi.  Yuditha alipoona hakuna la kufanya akakaa chini mahali mumewe alipokuwa akikaa, akashika koleo, akamalizia Mazinde. Kisha akajenga Mkumbara. Hapo ndipo watu wa Manundu walipoanza kupunguza sauti wakipita dirishani kwake.

Kila mwaka, mavuno yakiisha, shemeji yake Isaka alishuka kutoka Dindira na mkungu wa ndizi begani. Isaka alikuwa mdogo wa Simeo, mkulima wa chai, mpole, na ujumbe wake haukubadilika. Kwao mtu aliyepotea bila mwili huzikwa mgomba. Hukatwa shina la mgomba lenye kimo cha mtu, likavishwa nguo yake, likaliliwa, likafukiwa, na tangu hapo marehemu ana mahali pa kulala.

"Shemeji, tupe nguo yake moja tu," Isaka alisema. "Shati, koti, chochote."

"Wafu ndio wanaozikwa, shemeji. Wewe umemwona amekufa?"

"Sijamwona. Lakini mama anamwona."

"Basi mwambie mama amuulize yuko wapi, nimfuate."

Isaka alikunywa chai, akaaga. Wangeweza kuzika bila yeye, nguo nyingine wangepata, lakini kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na mfiwa wa kwanza ni mke. Asipofungua kinywa yeye, hapana mwingine kule Dindira ambaye angethubutu kulia.

Baada ya safari moja kama hiyo Yuditha alifungua sanduku akatoa koti la kazi la mumewe, la kaki. Nondo walikuwa wamelianza. Alikasirika, akaona bora alitumie kuliko kuwaachia wadudu. Mtu mdogo wa mti alikuwa tayari amechongwa, lakini alikuwa uchi na kama anaona baridi. Akakata kipande cha kola, pale ambapo jasho la Simeo lilikuwa limeacha alama, akamshonea kijikoti chenye mikono miwili na mfuko mmoja. Ulikuwa ushonaji mzuri kuliko wote aliowahi kufanya. Akamvisha, akamsimamisha mlangoni mwa behewa, akazungusha gurudumu.

Treni ilitoka Korogwe, ikapita Mombo na Mazinde na Mkumbara, ikaingia nyuma ya kanga, ikatoka. Ilipofika kwenye kona iliyo kati ya Mkumbara na Mazinde ikasimama.

Alidhani kamba imenasa. Akakagua, haikunasa. Akatia mafuta, akabadilisha kibiringo, akapaka nta upya. Gurudumu la cherehani lilikuwa zito mkononi kama kuna mtu ameshika upande wa pili. Akaliachia, akakaa. Baada ya kitambo akajaribu tena, likazunguka lenyewe kwa wepesi, treni ikafika Korogwe.

Tangu siku hiyo haikupita kona ile bila kusimama. Kwenda ilipita vizuri. Ni kurudi tu. Mwanzoni Yuditha aliogopa, akafunika mbao zote kwa shuka na hakuzigusa mpaka mvua za vuli. Halafu akazoea, na hili ndilo lililokuwa baya zaidi. Akawa anazungusha kila alasiri, saa ileile ya treni ya mizigo, ili tu ahisi ule uzito mkononi. Hukaa ameshika gurudumu, uso ameuelekeza kwenye kona, akisimulia bei ya sukari na nani amejifungua. Uzito ukiondoka husema, "Haya, twende nyumbani." Mteja akibisha hodi saa hiyo alibisha mpaka akachoka.

Aliyemwambia ukweli alikuwa Mwanaidi, jirani yake, Mzigua wa Handeni mwenye ulimi usio na breki, ambaye alasiri zote hizo alimwona na kumsikia dirishani. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba yao ilibomolewa, naye akaja Korogwe kwa dada yake. Nyuma ya nyumba ile yalibaki makaburi ya wanawe wawili, porini, na nyasi zilikuwa zimeyapanda.

"Wewe mwanamke unanishangaza," Mwanaidi alisema siku moja, akiwa amesimama kati ya Mombo na mlango. "Mimi nina makaburi na sina njia ya kuyafikia. Wewe unaletewa kaburi mpaka mlangoni na mkungu wa ndizi juu, unalikataa."

"Simeo hajafa."

"Sawa, hajafa. Basi huyu anayekushikia cherehani ni nani?"

Yuditha akamtoa nje kwa hasira. Usiku ule hakulala, swali lile likimrudia.

Mwaka ule Isaka hakuja peke yake. Alikuja na mama yao, Bibi Serafina, ambaye hakuwa ameshuka mlimani tangu harusi. Walikuwa wamepanda lori la majani ya chai, na kikongwe alinukia chai mbichi mpaka kwenye kitambaa cha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nioneshe."

Hakutaka kiti wala maji. Alipita taratibu ukingoni mwa mbao, akagusa mikonge kwa ncha ya kidole, akasoma reli kwa macho yake mabovu mpaka behewa la mwisho. Pale akainama. Akainama sana. Isaka akaenda kumshika akidhani anaanguka.

"Nani amemvisha huyu?"

"Mimi, mama."

"Nguo ya nani?"

"Ya mwenyewe. Koti lake la kazi."

Kikongwe akafumba macho. Aliponena hakuwa na ukali hata kidogo, na Yuditha angependa awe nao.

"Mwanangu, mwenzio nimemwona miaka yote hii. Anakuja mpaka mlangoni kwangu, anashika mwimo, anataka kuingia. Kabla hajavuka kizingiti anageuka kama aliyevutwa shati, anaondoka. Nilikuwa nasema, nani anamwita mwanangu? Nani hamwachii akapumzika?" Akanyoosha kidole kwenye kamba ya katani. "Isaka alikuomba nguo ya kumvisha, ukakataa kwa mdomo. Kisha ukaitoa kwa mkono. Umeshamvisha, Yuditha. Aliyevishwa hivi huzikwa. Wewe umempandisha treni."

Yuditha alitaka kucheka. Alitaka kusema kile ni kijiti cha mkonge, ni mchezo, ni makopo na visoda. Lakini alikuwa amezungumza na kijiti hicho kila alasiri, na mkono wake wa kulia ulikuwa unaujua uzito ule kama unavyojua mkasi. Akahisi aibu, halafu woga, na chini ya vyote viwili wivu, kwamba Simeo alikwenda kwa mamaye mpaka mlangoni na kwake aliishia kwenye kona.

"Nikimzika," akasema, "alasiri nitakaa na nani?"

 Bibi Serafina alikaa chini sakafuni, akamvuta, wakakaa pamoja.

Walipanda Dindira kwa lori lilelile. Yuditha alimchukua mtu mdogo kifuani ndani ya leso, na kila lori lilipokata kona aliishika leso hiyo. Mchungaji wa kule alisema mambo ya migomba yeye hayaoni wala hayasikii, na kwa kuwa hakupenda kugombana na waumini wake aliondoka asubuhi kwenda kumjulia hali mgonjwa wa mbali. Shina la mgomba lilikatwa, likalazwa kwenye mkeka. Isaka akalipasua katikati kwa kisu, maji yake yakatiririka. Yuditha akamlaza mtu wa mti ndani, na koti lake, na kijibendera chake. Wakafunga shina kwa sanda, wakalishusha kaburini.

Halafu wakangoja. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama pembezoni mwa mashamba ya chai, wanawake mikono vichwani, vinywa vimefungwa, wakimtazama yeye. Yuditha alifungua kinywa hakikutoka kitu. Miaka yote hiyo alikuwa amejifunza kutolia, na kazi aliyojifunza vizuri mkono hausahau upesi. Bibi Serafina alimtazama bila kumhimiza.

Yuditha akapiga magoti kwenye udongo, akainamia shimo.

"Shuka, Simeo," akasema. "Umefika."

Hapo kilio kikamtoka, na nyuma yake kikatoka cha wengine wote, kikashuka bondeni.

Alirudi Korogwe baada ya matanga. Mwanaidi alikuwa amemfagilia uwanja na kumwachia uji jikoni. Nyumba ilikuwa kimya. Yuditha alikaa mbali na sebule mpaka alasiri, na saa ya treni ya mizigo ilipofika miguu yake ikampeleka yenyewe.

Akazungusha. Treni ikatoka Korogwe, ikapita stesheni zake, ikaingia nyuma ya kanga, ikatoka. Ilipokaribia kona mkono wake ulijikaza kupokea uzito. Uzito haukuja. Gurudumu lilizunguka kwa wepesi, visoda vikaimba juu ya nyaya, treni ikapita kona, ikapita Mazinde, ikapita Mombo. Behewa la gadi likafika Korogwe likiwa tupu, kama lilivyofika Mombo siku ile.

Alikaa sana akiitazama. Alikuwa amempa mumewe pa kulala na alijua amefanya vema, na moyo ulimuuma kuliko siku ile waliyomletea kofia.

Kisha akazungusha tena. Treni ilipotoka nyuma ya kanga na kufika penye kona, kabla ya Mazinde, aliisimamisha mwenyewe kwa kiganja, akakaa nayo kidogo, ndipo akaiachia.